Majoho ya Mama Futi

Kuna msemo ambao watu huutaja kwa sauti ya mahubiri, kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia. Waulize umeandikwa ukurasa gani wa Biblia, wataanza kukohoa. Mimi sina ugomvi na jitihada, maana anayelala mlango wazi asimlaumu mwizi. Lakini wapo watu wanaojitahidi mpaka Mungu mwenyewe anakosa pa kupita, na habari za hao ndizo nitakazowasimulia. Wazee walisema: mtegemea nundu haachi kunona. Nundu ni lile fungu la mafuta lililo juu ya mabega ya ng'ombe, na aliye karibu nalo hakondi. Wengi huitumia methali hii wanapotaka kujipendekeza kwa wakubwa. Swali la kumuuliza kila mwenye kuitamka ni moja tu: nundu ipi?

Swali hilo lilimkuta Mama Futi akiwa na miaka hamsini na sita, mkasi mkononi.

Alikuwa mkataji mkuu katika karakana ya kushona sare, chumba kirefu chenye cherehani kumi na nne na meza moja pana ya kukatia, pembeni mwa dirisha. Waliomwita Mama Futi hawakukosea, kwani futi ya kupimia haikuwahi kutoka shingoni mwake. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna kitambaa kilichofika kwenye cherehani bila kupita mezani pake. Alimzika mume, akalea mwana, akamwoza, yote kwa mkasi ule. Kuukosa mkasi, kwake, kulikuwa sawa na kufa akiwa anapumua.

Na macho yake yalikuwa yanakufa. Mtoto wa jicho alianza upande wa kulia, akahamia wa kushoto, na sasa ulimwengu wote ulikuwa kama unaotazamwa kupitia mvuke wa chai. Mama Futi hakumwambia mtu. Alifunga mafundo kwenye ncha za nyuzi: fundo moja kwa nyeusi, mawili kwa buluu, matatu kwa kijani. Alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi mezani. Alifika kazini kabla ya wote ili apapase vitambaa bila kuonekana, na kwa vidole vyake aliijua pamba, akaijua sufu, akaujua upande wa ndani na wa nje.

Msidhani hakuwa mtu wa sala. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake kanisani kwao. Kila alfajiri alipiga magoti akamsomea Mungu orodha ya siku: leo nitakata mashati thelathini, nibariki, kesho nitamaliza suruali za walinzi, nibariki. Katika sala zile Mungu alikuwa karani wa kugonga muhuri. Mama Futi hakuwahi kumuuliza neno.

Mkwewe, mke wa mwanawe, alishona katika karakana hiyo hiyo, cherehani ya pili kutoka dirishani. Huyo ndiye pekee aliyeng'amua, kwa kuwa walikaa nyumba moja, na mtu akitia chumvi kwenye chai mara mbili kwa wiki haitwi tena msahaulifu. Alimsihi taratibu aende hospitali ya macho, kwamba mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona kama zamani. Mama Futi aliuliza angekaa muda gani bila kushika mkasi. Alipoambiwa wiki tatu, alicheka kwa hasira.

"Wiki tatu nani atakata?"

"Mungu atajua, mama."

"Mungu hajui kukata, mwanangu."

Alisema hivyo mwenyekiti wa wanawake wa kanisa, wala hakuyasikia maneno yake mwenyewe.

Basi ikaja kazi ya majoho arobaini ya kwaya, ya mahameli rangi ya damu ya mzee. Kwaya yenyewe ilikuwa ya kanisa lake, nayo majoho yalikuwa ya kuvaliwa Jumapili ya kufungua jengo jipya. Majora mawili ya kitambaa yaliletwa Ijumaa, na mchana wa siku hiyo msimamizi wa karakana alivuta kiti akaketi mbele ya meza ya kukatia. Alikuwa kijana mwenye tabasamu la kudumu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko macho ya tajiri, kama wafanyakazi walivyomwita mwenye karakana.

"Mama, siku hizi vitambaa unavipapasa kama kuku wa kununua," alisema. "Najua huoni."

Msimamizi akaeleza shauri lake bila haya. Angemweka binti mmoja amchoree chaki kwa siri, na yeye angebaki na cheo na mkasi wake. Alichotaka ni kidogo tu. Tajiri akiuliza kuhusu nyuzi mpya, zile alizozileta msimamizi kutoka kwa shemeji yake na zilizokuwa zikikatika hata bila kuvutwa, mkataji mkuu aseme ni nyuzi nzuri.

"Mtegemea nundu haachi kunona, mama. Niegemee mimi."

"Wewe ni nundu ya ng'ombe wa kuazima," Mama Futi alijibu. "Siku mwenyewe akija kumchukua, nitaegemea nini? Nundu yangu mimi ni Mungu."

Msimamizi aliinuka akijikung'uta suruali. "Haya. Tuone kama anajua kushika mkasi."

Maneno yale yalimchoma, maana aliyatambua: yalikuwa yake mwenyewe yamerudi nyumbani. Jibu alilotoa lilikuwa la mwamini, lakini moyo uliolitoa ulikuwa wa fundi aliyetukanwa. Jumamosi alijifungia peke yake karakanani. Hakuomba msaada kwa mkwe, hakuuliza kwa Mungu. Na kwa kuwa alikuwa amechekwa kwa kupapasa, siku hiyo hakupapasa hata kidogo. Alikata kama wanavyokata wenye macho, kwa mbio na kwa kiburi, miili ya majoho kutoka jora la kwanza, mikono yake kutoka jora la pili. Jioni alikuwa amemaliza yote arobaini. Alijiona ameshinda.

Jumatatu mkwe alishona majoho sita ya kwanza na kuyatundika dirishani. Miili ilikuwa imeiva kwa wekundu, mikono imepauka kama nguo iliyosahauliwa juani. Mkwe alimsogelea mama mkwe wake akamnong'oneza kwamba miili na mikono ina rangi mbili. Mama Futi aliliinua joho moja mpaka puani na hakuona ila wekundu uliotapakaa. Aliamini macho yake ndiyo yaliyoharibu kazi, ingawa hakujua kwa vipi. Mahameli mengine kama hayo hayakuwepo, na Jumapili haikuwa ya kungoja mtu.

Msimamizi alikuwa wa kwanza kumfariji, kama fisi anavyofariji mfiwa. Tajiri angefika kesho asubuhi, alisema, na dawa ilikuwa rahisi. Waseme kitambaa kilitiwa rangi vibaya huko kilikotoka, muuza vitambaa abebe lawama, na yeye angekuwa shahidi. "Nundu bado iko hapa, mama," alimalizia.

Wengine walipokwenda kula, Mama Futi aliingia stoo akaketi juu ya gunia la vipande. Kwa mazoea alianza: Bwana, kesho nitamwambia tajiri... Akakwama. Hakuwa na cha kuorodhesha.

"Baba," alisema mwishowe, "nimechoka kukuongoza. Niongoze wewe."

Hapakuja sauti, wala hapakushuka nuru. Ilikuja ile aya aliyowafundisha wanawake wenzake miaka nenda miaka rudi, ya kutozitegemea akili zako mwenyewe, na safari hii ilimjia yeye. Ikaja pamoja na jambo moja jepesi kulielewa na zito kulibeba: sema ukweli. Mama Futi alibishana. Alimwambia Mungu kwamba atanyang'anywa mkasi. Jambo likabaki pale pale. Alimkumbusha miaka ishirini na miwili. Likabaki pale pale. Alimkasirikia Mungu, akamwambia wazi kuwa amemkasirikia, akalia mpaka kamasi, kisha akainuka akapangusa uso kwa kipande cha kitambaa asichojua rangi yake. Alikuwa ameamua kutii.

Kesho yake tajiri, mzee mnene asiyependa maneno mengi, aliingia na kusimama mbele ya majoho. Msimamizi alikuwa amekwisha kufungua kinywa, lakini Mama Futi alimtangulia.

"Kitambaa hakina kosa, tajiri. Kosa ni langu. Nina mtoto wa jicho macho yote mawili, mwaka wa pili huu. Nilikuficha. Msimamizi alijua, akataka tumsingizie muuza vitambaa. Sitamsingizia mtu."

Cherehani zote kumi na nne zilisimama. Tajiri alinyoosha mkono, naye Mama Futi akauweka mkasi juu ya kiganja chake. Mkasi ulikuwa umemtoka mkononi. Aliusubiri ule umauti aliouogopa, na haukuja.

Sasa hakuwa na siri ya kulinda. Mbele ya watu wote alinyoosha mkono mtupu akalipapasa joho, pole pole, jinsi alivyojua. Alipapasa mwili kwenda juu: laini. Alipapasa mkono wa joho kwenda juu: unakwaruza. Akarudia. Uso wake ukabadilika.

"Rangi ni moja," alisema. "Mahameli yana manyoya kama paka. Ukiyatazama yamelala huku yanaiva, ukiyatazama yamelala kule yanapauka. Jora la pili nililitandika juu chini. Mikono hii nimeikata mstatili, juu sawa na chini. Ifumueni, igeuzeni."

Mkwe alishika joho la kwanza afumue, lakini hakupata kazi. Uzi ulikatika wenyewe, mkono ukaachia. Wa pili vivyo hivyo. Alipoigeuza yote miwili na kuishikiza kwa pini, joho zima likawa damu ya mzee tangu shingo hadi pindo. Tajiri, badala ya kutazama joho, aliokota uzi mmoja sakafuni, akauvuta kidogo, ukakatika. Akauliza nyuzi zile zilinunuliwa na nani. Msimamizi alishikwa na kikohozi, na kabla ya saa sita alikuwa ametoka getini na kikohozi chake.

Mkasi tajiri alimkabidhi mkwe. "Ni wa kuazima," alimwambia kwa kifupi. "Mwenyewe akirudi na macho, umrudishie."

Jumapili hiyo Mama Futi aliingia jengo jipya akiwa amefungwa bendeji jicho la kulia, lililopasuliwa siku mbili kabla, ameshikwa mkono na mkwewe kama mtoto anayepelekwa shule, yeye ambaye hakuwahi kukubali kushikwa hata kwenye ngazi. Kwaya ilipopita, alinyoosha kidole akagusa joho la mwimbaji wa mwisho. Laini, kuelekea juu.

Jirani yake wa benchi, mwanamke wa kundi lake, alimwinamia. "Umejitahidi, mama. Ndiyo maana husemwa Mungu humsaidia anayejisaidia."

"Hapana," alijibu Mama Futi, na hakujali kwamba watu wa mbele waligeuka. "Nilijitahidi miaka miwili nikamzibia njia. Alinisaidia nilipompisha."

Mimi nina haya tu ya kuongeza. Aliyetaka kuegemewa yuko nje ya geti akitafuta kazi. Aliyeegemea nguvu zake mwenyewe karibu aivishe kwaya nzima aibu. Aliyemwegemea Mungu mkono wake ukiwa mtupu, mkasi wake unamngoja juu ya meza. Chagueni nundu yenu, mimi nimekwisha chagua: mtegemea nundu haachi kunona.