Risasi Nene ya Liwali wa Mkunguni

Palikuwa na liwali mmoja katika mji wa Mkunguni, jina lake Mbaruku, aliyezawadiwa bastola na nahodha mgeni, na tangu siku hiyo mji ukakosa raha. Kila alasiri huwekewa dafu juu ya nguzo ndefu mbele ya baraza yake. Naye hulenga, hukunja uso, hufyatua. Risasi hupita juu ya dafu. Waungwana wa barazani hupiga makofi: "Lahaula! Dafu limeinama kwa heshima yako, Bwana!"

Tena hakutaka risasi kama za watu. Zile nyembamba, alisema, ni za askari. Zake huyeyushwa mbili zikawa moja, ndefu na nene kama kokwa ya tende. Nyingine yoyote alipiga marufuku isiingie katika bastola yake. "Mtu mkubwa, risasi kubwa," husema, na waungwana huitikia.

Basi siku moja risasi ikapita juu ya dafu, ikaenda kutoboa kilemba cha kadhi kilichoanikwa ghorofani. Bahati njema kadhi mwenyewe hakuwa ndani yake. Sasa, dafu likiinama halina wa kulisemea, lakini kilemba cha kadhi kina mwenyewe, na lazima apatikane mkosaji. Alipatikana kabla moshi haujatawanyika: Kibwana, msaga baruti.

"Ameniibia nguvu ya baruti," akasema Liwali. "Kesho alasiri afungwe nguzoni, kichwa kiwe pale pale linapokaa dafu."

Huyo Kibwana alikuwa na mke, Mwanamize, muuza vitumbua. Ulimi wake mji mzima ulikuwa ukiujua. Mafuta yake ya moto yalikuwa na adabu zaidi. Habari zilipomfikia alilia, maana alimpenda mumewe kwa dhati. Kisha akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaacha meko yanawaka, akaenda barazani. Na watu, ambao hawakosi pahali penye neno, wakamfuata.

"Nashika miguu yako, Bwana Liwali."

"Marahaba. Kama umekuja kulia, lilia nje. Zulia hili limetoka Ajemi."

"Kulia nimekwisha lia nyumbani, Bwana. Nimekuja kuuliza. Mume wangu ana kosa gani?"

"Kanisagia baruti dhaifu."

"Na risasi ya baruti dhaifu huenda wapi?"

"Swali gani hilo? Huchoka njiani, ikaanguka chini. Hata mtoto anajua."

"Na yako ilianguka?"

Liwali akakohoa. "Yangu ilipanda."

"Basi mume wangu amekuzidishia! Toka lini mtu akafungwa nguzoni kwa kujaza pishi?"

Waungwana wakainamia vidole vya miguu yao. Liwali akawaka.

"Kama imezidi, nitaipunguza!" Akatia nusu ya baruti, akashindilia risasi yake nene, akalenga dafu, akafyatua. Pwaa! Risasi ikapita juu kuliko ile ya kilemba, ikatoboa makuti ya paa la jirani. Kuku wakatawanyika, na watu wakainama.

"Ikizidi yapanda, ikipungua yapanda!" akafoka. "Huu ni uchawi! Mwanamke, niambie kosa ni la nani, la sivyo nguzo itawabeba wawili, wewe na mumeo."

Hapo Mwanamize akapima maneno. Kumwambia Liwali kwamba hajui kulenga ni kujichimbia kaburi. Kunyamaza ni kumchimbia Kibwana. Akaelekeza kidole upande wa meko yake.

"Bwana, mimi hukaanga vitumbua vyangu mkabala wa uwanja huu, na macho hayana pazia. Ukifyatua, bastola hurudi nyuma ikakupiga teke kiganjani, mdomo wake ukainuka. Risasi ya askari ni nyepesi, ina haraka. Mdomo ukiinuka, yenyewe imeshatoka zamani. Lakini yako ni nzito, yatembea kwa maringo. Ikifika mlangoni, mlango umeshatazama mbinguni. Na ukiipunguzia baruti, ndiyo kwanza inajikongoja."

"Wahenga wamesema kawia ufike!"

"Imekawia, Bwana, na imefika. Kilembani mwa kadhi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akageuza kicheko kuwa chafya.

"Kwa hiyo wasema kosa ni la risasi," akasema Liwali polepole.

"Naam."

"Na risasi hiyo niliiagiza mimi."

"Hilo umelisema wewe, Bwana. Mimi nauza vitumbua."

Liwali akapapasa ndevu. Kisha uso ukamkunjuka, akacheka kicheko kibaya.

"Ahsante, Mwanamize. Umenifunza. Leteni risasi ya askari, ile nyembamba! Kesho nitaitia hiyo, na huyo Kibwana sitamkosa. Kilemba kimetoboka, lazima mtu akilipie."

Waungwana wakapiga makofi mpaka viganja vikawawasha. Mwanamize akatambua: kisu cha kumchinjia mumewe amekinoa mwenyewe! Akawatazama askari waliosimama mlangoni na bunduki zao. Akawatazama watu waliojaa uwanjani, wote masikio. Akajifunga kanga upya.

"Amri ni yako, Bwana. Ila nina swali moja, maana kesho watu watajaa hapa, na wateja wangu unawajua kwa umbeya. Wataona risasi ya Liwali inapiga vilemba na risasi ya askari inapiga shabaha. Sasa wakiniuliza kwa nini basi Liwali ndiye aliyekalia kiti, na askari ndiye anayesimama mlangoni, niwajibu nini?"