Kabati la Bi Msanifu

Hapo zamani, na msinitajie zamani ya wafalme na wanyama wanaosema, hii ni zamani ya karibu, ambayo wenyewe bado wanaikasirikia na mimi jirani yao nawakasirikia wao, palikuwa na wanawake watano walioshona kofia katika baraza moja.

Kofia zile za mkono, za vitundu, ambazo ukishona moja mgongo unakuuliza umekukosea nini. Ndiyo maana walikuwa na desturi yao. Wanne wanashona, wa tano anasoma kitabu kwa sauti. Anayesoma hashoni, lakini kofia yake inashonwa: huyu anamshonea kipande, yule kipande, mpaka inaisha. Na msomaji alikuwa mwenye nyumba, Bi Msanifu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, na kabati la vitabu lililojaa mpaka mlango haufungi bila goti.

Bi Msanifu alisoma kila kitabu na aligombana na kila kitabu.

Akisoma cha upelelezi, husema, "Hiki ni kama kuchambua mchele. Mwandishi akiniachia jiwe moja tu ndani, simsamehi!"

Akisoma cha majini na miji ya chini ya bahari, husema, "Mvivu huyu! Mtu kafungiwa chumbani, hana ufunguo, hana dirisha, mara jini huyo kaja kumtoa. Si angemleta jini ukurasa wa kwanza tukalala mapema?"

Na vitabu vya watoto, mama yangu! "Sungura aliruka. Ruka, sungura, ruka. Mtoto gani anasema hivyo? Mjukuu wa Mwanakheri huyu anayeshona hapa ana miaka mitano, juzi kanitukana mpaka nikakaa chini! Halafu mwisho wanamwambia anawe mikono. Hadithi nzima, kumbe alikuwa anaitiwa sabuni!"

Lakini alivisoma. Vyote. Tena kwa kanuni yake mwenyewe: kila kikao sura moja. Sura ikiisha, kitabu kinafungwa kwa uzi wa kofia, na fundo halifunguliwi mpaka wote watano wawe wamekaa. Akikosekana mmoja, hakisomwi. Kanuni hiyo aliiweka siku aliposikia Saumu, mmoja wa wale wanne, amechungulia mbele na kumnong'oneza mwenzake jina la mwizi. Mwezi mzima wa Ramadhani Bi Msanifu hakumsemesha. Futari alimletea, salamu hakumpa.

Sasa wasikilizeni hawa wanne, kwa sababu mtaulizwa.

Saumu alipenda upelelezi. Alisema kabati lile lingekuwa lake, vitabu vya majini vingefungiwa vitumbua.

Chausiku alipenda majini. Alisema kabati lingekuwa lake, hasomi tena habari za maiti na maaskari, za hapa mtaani zinamtosha.

Sikudhani alipenda vitabu vya watoto. Alisema kabati lingekuwa lake, angewaita watoto wa mtaa mzima waje barazani, na mikono yao hivyo hivyo ilivyo.

Mwanakheri alipenda chochote, mradi asisome yeye.

Siku zikaenda. Bi Msanifu akashikwa na kifua, sauti ikakatika. Akalazwa chumba cha ndani, mlango wazi, na wenzake wakawa wanasoma kwa zamu yeye akisikiliza kitandani. Kitabu chenyewe kilikuwa cha upelelezi, kinene kama tofali. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga amekutwa amekufa juu ya pumba, ghala limefungwa. Nani kamuua? Mkewe? Dada yake? Mlinzi? Bi Msanifu alishasema zamani, kwa sauti ile ile ya kukwaruza: "Ni dada yake. Mtu akiambiwa kaka yako amekufa, huuliza amekufaje. Huyu aliuliza funguo ziko wapi. Andikeni!"

Ikabaki sura moja. Moja!

Mwanakheri akaenda harusini kwa mpwa wake, mji wa pili. Akasema, "Narudi harusi ikiisha." Na nyinyi mnajua harusi zetu zinavyoisha.

Uzi ukabaki umefungwa. Mgonjwa akazidiwa. Akawaita wale watatu, wakaja, wakakaa mkekani.

"Hamuoni kuwa naondoka?"

"Mungu atakupa nafuu, Bibi," akasema Sikudhani.

"Usinidanganye, mimi si mtoto! Nakufa na sijui nani kamuua mwenye mashine."

Saumu akasema, "Basi tukate uzi, Bibi, tukusomee."

"Kata uone! Kanuni niliiweka mimi. Nitaivunja kwa sababu nakufa? Watu wanakufa kila siku!"

"Sasa tufanyeje?" akauliza Chausiku.

"Mnaniuliza mimi? Mimi ndiye mgonjwa!" Akakohoa mpaka akashikwa mabega. Alipopata pumzi akasema, "Sikilizeni. Sitaki kwenda kaburini na nusu ya hadithi kichwani. Atakayenitoa nusu hii, kabati ni lake. Vitabu vyote na ufunguo. Haligawanywi. Na mwenye kabati ndiye atakayechagua kinachosomwa barazani hapa. Haya, tokeni, mnaninyima hewa."

Wakatoka. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Asubuhi yake akaingia Saumu peke yake. Alishakata uzi, alishasoma sura nzima chooni, mlango kaufunga. Akapiga magoti kitandani, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, nimeuvunja mwiko wako, unilaumu. Lakini ukweli huu hapa. Aliyeua ni mlinzi."

Bi Msanifu akafumbua macho.

"Nani?"

"Mlinzi, Bibi."

"Mlinzi!" Bi Msanifu akaketi. Mtu ambaye jana alikuwa haketi! "Mlinzi mguu wake ulivunjika sura ya pili! Aliingiaje dirishani, aliruka?"

"Haukuvunjika. Alijifanya."

"Alijifanya! Na daktari aliyemfunga mguu alikuwa kipofu? Na funguo, yule dada aliuliziani funguo?"

"Alitaka kuchukua vyombo vya mama yao vilivyokuwa ghalani."

"Vyombo! Mwandishi mpumbavu! Kanizungusha kitabu kizima kwa ajili ya masufuria! Sikubali. Nenda kamwambie sikubali!" Akakichukua kitabu, akakirusha kikagonga ukuta. Akalala, akageukia upande wa pili. Saumu akatoka analia kwa hasira. Alimletea ukweli, ukarushwa ukutani.

Adhuhuri akaingia Chausiku na bakuli la uji. Hakugusa kitabu. Alisema tu, "Bibi, nimesikia mlinzi amekukera. Mimi nina mwisho mwingine."

"Wako wa kichwani."

"Wa kichwani."

"Jini limo?"

"Limo."

"Toka."

Hakutoka. Akaanza. Alisema siku ya arobaini ya marehemu mashine ya mpunga iliwaka yenyewe, bila mafuta, bila mtu. Watu wakakusanyika. Ikakoboa, ikakoboa, na badala ya mchele zikatoka sauti. Kila neno lililowahi kusemwa ndani ya ghala lile likatoka, moja baada ya jingine, kwa sauti ya aliyelisema.

"Upuuzi," akasema Bi Msanifu. "Kisha?"

Akamnywesha uji kijiko kimoja. Akasema ikatoka sauti ya mke akihesabu magunia. Ikatoka sauti ya mlinzi akikoroma.

"Umeona? Alikuwa amelala! Kisha?"

Kijiko kingine. Ikatoka sauti ya dada, inamwambia kaka yake, kunywa, kaka, hii dawa ya kifua nimekuchemshia mwenyewe. Watu wote wakageuka kumtazama yule dada, naye akaingia katika pumba, zikamfunika, hakuonekana tena.

Uji ukawa umeisha, na tangu juzi yake alikuwa hajala kitu. Bi Msanifu akapangusa mdomo, akasema, "Uongo mtupu. Mashine haisemi. Ulivyomaliza ndivyo ilivyotakiwa kumalizwa, na ni uongo, na unanikasirisha kwamba ni uongo." Akafumba macho. Hata hivyo vidole vilikuwa vinapiga kitanda, kama vya mtu ambaye bado anatafuta kitu.

Alasiri akaingia Sikudhani. Yeye alikuwa na kijitabu cha watoto, chembamba, kimetafunwa pembeni.

"Hata wewe?" akasema mgonjwa. "Unakuja kuniambia ninawe mikono?"

"Nakuja kukusomea kitabu, Bibi. Kizima. Mwanzo mpaka mwisho, kwa kikao kimoja. Kina sura moja tu, kanuni yako siivunji."

"Wote watano hatupo."

"Hiki hakijafungwa uzi. Hakijasomwa barazani hata siku moja, ulikikataa."

Bi Msanifu akavuta shuka, akamwashiria asome. Sikudhani akasoma. Palikuwa na nungunungu asiyepata mto. Kila mto aliolalia, miiba yake iliutoboa, sufi zikatoka. Akaazima mto wa mbuzi, akautoboa. Akaazima mto wa bata, akautoboa.

"Si ageuke!" Bi Msanifu akafoka. "Miiba iko mgongoni! Alale kifudifudi, mpumbavu huyu! Hakuna hata mmoja wa kumwambia?"

"Ngoja, Bibi."

"Ningojee nini? Wanamwazima tu mito, hawamwambii! Wanyama gani hawa?"

Akaazima mto wa kuku, akautoboa, na kuku akakasirika, akamwambia kwa ukali, "Geuka!" Nungunungu akageuka. Akalala.

Kitabu kikaisha. Hakikusema kitu kuhusu sabuni. Bi Msanifu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatulia. Vidole vikaacha kupiga kitanda. Akasema, "Huyo kuku ana akili. Tena. Na usome polepole, unakimbia kama unafukuzwa."

Sikudhani akarudia tangu mwanzo. Alipofika kwa bata, Bi Msanifu alikuwa ameshakata roho.

Tukamzika. Na kabla matanga hayajaondolewa, wageni wako nje wanakunywa kahawa, watatu hawa walikuwa chumbani wanagombea kabati! Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakusanya vikombe.

Saumu akasema, "Kabati ni langu. Nusu aliyoitaka ni ya kitabu kile, na mwisho wa kitabu kile nimempa mimi peke yangu. Kuukataa ni juu yake. Ukweli haungoji upendwe."

Chausiku akasema, "Kabati ni langu. Wewe ulimpa jina la mtu, akalirusha ukutani. Mimi nilimpa mwisho, akaula pamoja na uji. Alisema mwenyewe ndivyo ilivyotakiwa."

Sikudhani akasema, "Kabati ni langu. Wewe Saumu ulimwacha na hasira, wewe Chausiku ulimwacha anatafuta. Mimi ndiye niliyemwacha ametulia. Nusu ile ilimtoka kwangu. Na sikukata uzi, na sikusema uongo."

"Ulimsomea nungunungu!" akafoka Saumu.

"Wewe ulimsomea nini?"

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwanakheri na hina yake mikononi, mbichi ya harusi. Alikuwa ameusikia ugomvi tangu uani. Akakiokota kitabu, akauona uzi umekatwa. Akawatazama.

"Sura moja," akasema. "Ilikuwa sura moja. Nilikuwa mji wa pili, si Makka. Kwa nini hamkuniita?"

Sikudhani akasema, "Hatukutaka kukuharibia harusi, shoga yangu."

"Muongo! Mngeniita, ningekuja. Ningekuja, uzi ungefunguliwa kwa haki, sura ingesomwa yote, angeisikia neno kwa neno na kumtukana mwandishi mbele yetu sote. Na kabati lisingekuwa la yeyote kati yenu. Ndiyo maana hamkuniita. Nyote watatu, kila mmoja kimya kimya, mlipiga hesabu ile ile!"

Chausiku alianza kulia. Saumu, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Na wewe ulipoondoka ulijua hali yake. Ukaenda kucheza ngoma na sura imebaki moja. Leo unatufundisha?"

Mwanakheri akaketi palepale, hina na yote, akajishika kichwa.

Tangu siku hiyo hawajakaa baraza moja. Kila mtu anashonea kwake, kimya, na kofia zao zimekuwa mbaya, nawaambia, vitundu haviko sawa. Kabati liko pale pale. Ufunguo hawakuaminiana, wakanipa mimi jirani niushike mpaka waamue, nami nimechoka kuushika. Kila anayepita hapa namuuliza, na kila mmoja ananijibu lake.

Msiniambie wagawane, marehemu alikataa. Na wewe unayecheka hapo nyuma, usiniambie litiwe moto, maana nitaanza na wewe. Saumu aliyeleta ukweli kwa kuvunja mwiko, Chausiku aliyeleta mwisho mtamu wa uongo, Sikudhani aliyeleta kitabu kingine kabisa, au Mwanakheri ambaye hakuleta kitu ila ndiye pekee aliyekumbuka kwamba sura ingesomeka?

Je, nani alistahili? Semeni basi, ufunguo nimpe nani?