Ndege Kumi na Wanne

Wahenga walinena kwamba asiyekujua hakuthamini. Mara nyingi tunamhukumu mtu kwa yale asiyoyatenda, tusijue anatenda nini.

Huko Mukuju, karibu na Tororo, Bwana Opio alijaliwa mabinti wawili, Lillian na Akongo. Akongo, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa na usonji. Hakuwatazama watu machoni, salamu zilimkwama kooni, na kelele zilimchoma masikio kama sindano. Majirani walisema ana kiburi. Lillian, dada yake mkubwa, hakuyakubali maneno hayo hata siku moja.

Ilipowadia siku ya wakwe kuja kutoka Busia kumposa Lillian, shangazi yao Robinah alitoa shauri.

"Akongo akae jikoni. Wageni wakimwona hivi, watarudi walikotoka."

"Akifichwa yeye, shangazi, na mimi sitoki," Lillian alijibu kwa upole. "Wanaonichukua mimi wanachukua na ndugu zangu."

Wageni waliongozwa na Benedeta, mama yake mposaji, muuza vitenge hodari wa soko la Busia. Alimnyoshea Akongo mkono. Akongo hakuushika. Alilikazia macho gauni la mgeni. Mara vipaza sauti vikaanza kunguruma kwa muziki. Akongo akaziba masikio, akainuka, akawapa wageni kisogo na kwenda zake nyuma ya nyumba.

"Tumetukanwa," mjomba mmoja wa upande wa Busia akanong'ona, naye akaanza kutafuta kofia yake.

Lillian, ambaye hakutarajiwa kusema mbele ya wakwe, alipiga moyo konde, akauzima muziki.

"Wazazi wangu, hajawatukana. Usonji humfanya aipokee dunia kwa namna nyingine. Kelele tunazozichezea sisi zinamuumiza. Salamu za haraka zinamshinda, lakini anawasikia. Mkimkaribia polepole, bila kumlazimisha awatazame, atawajibu kwa njia yake."

Benedeta alivua viatu, akamfuata Akongo. Alimkuta mkekani akichambua njugu. Hakukaa mbele yake, alikaa kando yake, naye akaanza kuchambua, kimya. Ungo ulikuwa umefika nusu Akongo aliposema, bila kuinua macho:

"Gauni lako lina ndege kumi na wanne mbele. Mmoja hana jicho."

Benedeta alijikagua, akahesabu. Kweli, pale chini ya mfuko, ndege mmoja hakuchorwa jicho. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Miaka kumi nauza vitenge, mwanangu, na sijawahi kuwatazama ndege wangu hivi."

Akongo akatabasamu, akamsogezea ungo. "Kesho pia uje."

Benedeta alirudi uwanjani uso ukimng'aa. "Binti huyu amenisalimu kuliko ninyi nyote," akawaambia, "maana yeye ameniona."

Mjomba aliiweka kofia chini. Posa ikakubaliwa, ngoma zikapigwa taratibu bila vipaza sauti, na vigelegele vikangoja mpaka Akongo aonywe kwanza. Robinah, aibu ikiwa imemshika, ndiye aliyemtandikia mkeka kivulini, mbali kidogo na ngoma, mahali alipoweza kuona kila kitu. Akongo alikaa hapo mpaka mwisho, akiyumbayumba kwa furaha, na shangazi akayumba naye.

Ama kweli, asiyekujua hakuthamini.