Kompyuta Iliyozima Kila Jumapili

Akina mama, ketini tu, sitawachelewesha. Hata mimi nimeacha maharage jikoni.

Yuko mama mmoja, mjane, ana mtoto mmoja tu, binti, anayefanya kazi nchi ya mbali. Simu yake ni kitochi, haina kamera. Binti alipoondoka alimwachia kompyuta ili Jumapili baada ya ibada waonane. Basi mama anafika nyumbani, anavua viatu, anakaa mbele ya kioo, anampigia. Kamera ikifunguka tu, kioo kinageuka bluu, kompyuta inazima na kujiwasha upya. Mwaka mzima hajaona uso wa mwanawe. Jumapili yote anabaki na kuta.

Akaita fundi.

"Niambie kama imekufa, nijue moja."

"Haijafa, mama. Kompyuta nzima, kamera nzima. Tatizo ni draiva."

"Ndiyo nini?"

"Ni programu ndogo inayoieleza kompyuta kamera ikoje na isemeshwe vipi. Yako ni ya miaka sita iliyopita. Vingine vyote vimebadilika, yenyewe imebaki na maelezo ya zamani. Vikikutana haviwezi kuelewana, inazima."

"Si ingeniambia!"

"Inakuambia kila siku. Inaomba isasishwe, wewe unabonyeza 'Baadaye'."

"Ingenimalizia bando la intaneti."

Fundi akacheka, akaweka draiva mpya, akaaga.

Nani kati yetu hajabonyeza hiyo 'Baadaye'?

Jumapili ikafika. Mama akapiga. Kioo hakikugeuka bluu. Binti akatokea, mzima, anang'aa.

"Mama! Leo nakuona!"

"Nywele umepeleka wapi?"

"Nimekata, mama. Mwaka jana."

"Umekonda. Bado unakunywa chai bila kula? Na yule kijana wa kwaya anakuulizia."

"Mama, nina miaka thelathini na nne. Nilitaka kukuambia, nimebadilisha kazi, na nimekuwa..."

"Kazi tutaongea. Sweta lako la bluu unavaa? Wewe kifua chako hakitaki baridi."

 

"Navaa, mama. Haya, tutaongea baadaye."

Akakata.

Ndugu zangu, siku ile kompyuta haikuzima. Ilibaki inawaka, kamera wazi, na kwenye kioo ulikuwepo uso mmoja tu: wa mama mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa na kompyuta ya kulaumu. Sasa amlaumu nani?

Na sisi je? Tuna watoto tunaowasemesha kama walivyokuwa kidato cha pili. Tuna waume tunaowajibu maneno waliyosema mwaka wa harusi. Wanatuambia wamebadilika, tunasema tutaongea. Halafu tunakaa peke yetu sebuleni, tunasema watoto wa siku hizi hawana upendo. Wanao. Wamechoka kuitwa watu ambao hawapo tena.

Mungu anatusikiliza kama tulivyoamka leo asubuhi. Sisi hata dakika kumi za mtoto wetu zinatushinda.

Tukitoka hapa, kila mmoja ampigie mtu wake. Usimpe ushauri. Usimuulize sweta. Muulize, "Siku hizi uko vipi?" Kisha funga mdomo, hata kama bando litaisha.