Kwa Nini Ziwa la Dirsa Hukimbia

Zamani, jangwa hili la Dirsa mnalosafiri siku mbili kuja kulitembelea lilikuwa ziwa. Maji yalifika hapa hapa penye hoteli. Misafara ya ngamia ya kaskazini ilipumzika ufuoni kwa mwanamke mmoja, Talaso, aliyesifika kwa nyirinyiri zake, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika mafuta, na kwa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Msidhani wapishi wa siku hizi wanamfikia.

Kwake mgeni alipewa kibuyu cha maziwa kwanza. Hakuulizwa jina wala atokako mpaka akimalize. Watu waliifuata adabu hiyo bila kujua ilikuwa inazuia nini.

Talaso alikuwa na mume, Elema, aliyekwenda kuchimba chumvi ng'ambo ya ziwa akapotea. Miaka mitatu ilipita. Mama mkwe wake, Dokatu, hakulia hata siku moja, lakini kila asubuhi alikifukiza kibuyu cha mwanawe na kukitundika mlangoni kikiwa kitupu.

Adhuhuri moja upepo ulikatika. Mbuzi wakaacha kutafuna. Talaso akaona msafara wa watu saba ukitoka ziwani, ukitembea juu ya maji, na ngamia wao hawakuacha alama kwenye tope. Wakaketi mkekani kama wageni wengine, nguo zao kavu. Sita walitazama chini. Wa saba alijifunika uso kwa shuka, lakini mkononi alikuwa na kovu la kamba ya ngamia, na kovu hilo Talaso alikuwa amelipaka mafuta kwa vidole vyake mwenyewe.

Dokatu alimshika Talaso kiwiko, akamnong'oneza, "Mwanangu, mjazie kibuyu chake. Akikimaliza, amerudi kwetu. Ukimuuliza neno kabla hajamaliza, ndiyo basi."

Talaso akampa. Mgeni alikunywa taratibu, na kwa kila funda mkono wake ulizidi kupata rangi ya mtu aliye hai. Mama yake aliuma ncha ya mtandio asipige kelele. Lakini miaka mitatu ya kulala peke yake na kusemwa na majirani ilimpanda Talaso kooni, na kibuyu kilipofika nusu alishindwa.

"Elema, ulikuwa wapi?"

Mgeni akashusha kibuyu. Akakiweka chini polepole, kama mtu asiyetaka kukiachia. Wote saba wakainuka kurudi walikotoka, na ziwa likaondoka nao, likivutwa nyuma yao kama mkeka. Talaso alikimbia akiita. Kila alipolikaribia lilisogea mbele, mpaka nyayo zake zikapasuka kwa chumvi.

Na tangu siku hiyo, jua likiwa utosini, ziwa huonekana kule mbele, na ngamia ndani yake, na mkilifuata litawakimbia. Tangu siku hiyo pia, huku hakuna hoteli itakayowauliza mtokako kabla hamjamaliza maziwa yenu.

Kibuyu kile cha mlangoni ndicho chenyewe. Maziwa yake hayajachacha. Yalibaki nusu, lakini sasa yamebaki mafunda mawili, na sisi hakuna aliyeyagusa. Kwa hiyo mkimwona mtu ameketi mkekani adhuhuri, anakunywa, tafadhali nyamazeni.