Mfupa wa Darasa la Mwalimu Mchome

Hapo zamani, si ile ya wafalme, ni hii ya juzi tu, kulikuwa na mwalimu wa Kiingereza huko milimani Upare, jina lake Mchome. Aliweka sheria: atakayesema Kiswahili darasani avishwe mfupa wa ng'ombe shingoni, akae nao mpaka amnase mwenzake.

Akawafundisha wanafunzi kujuliana hali. "Nikiwauliza mko vipi, jibuni 'Fine'. Basi." Sisi tukiulizwa habari husema nzuri, kisha huja ila: nzuri, ila mguu unauma, nzuri, ila tumefiwa. Ile ila Mchome hakuwafundisha.

Siku moja binti aitwaye Nambike aliamka tumbo likimkata. Mama yake alikuwa anawahi kibarua cha kupalilia. Akamwambia, "Nenda tu, mwanangu. Mwalimu akikuona atakurudisha."

Mchome alimwona kweli, jasho linamtoka. Akamuuliza hali kwa Kiingereza. Nambike akasimama, akajibu, "Fine, teacher." Mchome akageukia ubao.

Siwatu, aliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyevaa mfupa siku hiyo. Akamnong'oneza, "Mwambie unaumwa. Sema hata kwa Kiswahili." Lakini wiki iliyotangulia Siwatu alimtega kwa maneno kama hayo, akamvisha mfupa, darasa zima likacheka. Nambike akadhani ni mtego tena. Akafumba mdomo. Kabla ya mapumziko akaanguka, na hospitali hawakumfikisha hai.

Msibani, Mchome akasema, "Nilimuuliza, akajibu mwenyewe. Mama ndiye aliyejua tangu asubuhi."

Mama akasema, "Nilimkabidhi kwa mtu mzima mwenye macho."

Siwatu akalia. "Mimi peke yangu nilimwambia aseme."

"Na wewe ndiye uliyemfunza asikuamini," mama akamjibu.

Wageni wakaingia. "Habari za hapa, mama?"

"Nzuri," akasema mama, kama ilivyo ada. Wakangoja ila yake. Haikuja.

Mimi nina hasira nao wote watatu, na hasira yangu haifukui kaburi. Mfupa ungali pale, umetundikwa kwenye msumari mlangoni mwa darasa. Haya, ninyi mnaonisikiliza, na asinijibu mtu kwa kukariri: tuuvishe shingo ya nani?