Homa ya Askofu Gaudensio

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyokuwa vifuani mwao, kwamba katika nchi ya Italia, kwenye jimbo dogo la milimani liitwalo Valdorsa, palikuwa na askofu mcha Mungu aliyeitwa Gaudensio. Alikuwa mtu wa sala na wa vitabu. Alifunga siku zilizoamriwa na nyingine ambazo hazikuamriwa, na maskini hakuondoka mlangoni pake mikono mitupu. Hayo yanatangulizwa ili asiyemjua asije akamdharau kwa yatakayofuata.

Mwaka mmoja maaskofu wa dunia nzima waliitwa Roma kwenye Mtaguso Mkuu. Katika mengi waliyojadili, moja lilikuwa zito kuliko yote: je, Baba Mtakatifu anapolifundisha Kanisa lote jambo la imani au la maadili, akinena kutoka Kiti cha Petro, Mungu humlinda asikosee? Wengi walisema ndivyo, na kwamba ndivyo waamini walivyoshika tangu kale. Wachache walisita. Gaudensio alikuwa miongoni mwa waliosita, wala hakusita kwa kiburi. Alikuwa amesoma habari za Papa mmoja wa karne za mbali, aliyeandika barua yenye maneno ya utata juu ya utashi wa Kristo, na baada ya kufa kwake mtaguso ukamhesabu pamoja na wazushi. Basi alisimama mbele ya wenzake akauliza kwa adabu, "Tukitangaza hivi, mtu akituletea barua ile tutamjibu nini?" Kisha akamalizia kwa maneno yaliyorudiwa kwenye meza nyingi za Roma: "Mwanadamu ni mwanadamu, ndugu zangu, hata akivikwa taji la ngazi tatu."

Ilipopigwa kura ya majaribio, kila mmoja akiitwa kwa jina lake, Gaudensio alijibu, "Sikubali." Lakini kura ya mwisho ilikuwa ipigwe mbele ya Baba Mtakatifu mwenyewe, na hapo moyo wake ukasinyaa. Kusema "Nakubali" dhamiri yake ilikuwa haijamruhusu. Kusema "Sikubali" huku akimtazama usoni mzee yule, hilo nalo lilimshinda. Wenzake zaidi ya hamsini waliandika waraka, wakaeleza kwamba hawana moyo wa kumkatalia baba yao mbele ya macho yake, wakatia sahihi na kuondoka mjini. Waraka ule ulifika mikononi mwa Gaudensio, naye atie sahihi. Alichovya kalamu, akaitazama, akairudisha mahali pake.

"Nina homa," alisema.

Hakuwa na homa.

Aliandika kuomba ruhusa ya ugonjwa, akaandika na barua nyingine nyumbani Valdorsa: amepatwa na homa kali, anarudi polepole, wamwombee. Njiani alikaa siku nane katika nyumba ya watawa, ili homa ile ipate umri wa kuaminika. Huko ndiko alikosikia habari za siku ya kura. Radi ilipiga asubuhi nzima, majina ya maaskofu yakaitwa katikati ya ngurumo, na mia tano na zaidi wakasema ndiyo. Wawili tu walisema hapana. Tamko lilipokwisha kutangazwa, wawili wale walipiga magoti wakasema kwamba sasa wanaamini.

"Wanaume hasa, Baba Askofu!" alisema mtawa aliyemletea habari. "Walikataa wazi, wakaamini wazi."

Gaudensio akageukia ukutani. Mtawa akadhani homa imempanda, akamwongezea blanketi, na ulikuwa mwezi wa Julai.

Alifika Valdorsa Jumamosi kabla ya adhuhuri. Alitaraji kuingia kimya kimya, lakini kengele zilianza kulia gari lake lilipokuwa bado kwenye kona ya mwisho. Watu walikuwa wamepanga mstari barabarani, wanaume wenye mundu viunoni, wanawake wenye makapi ya ngano kwenye vilemba. Walimbusu pete. Wengine walilia. Naye aliona mashavu yaliyobonyea, midomo iliyokauka, na mikono iliyomshika ikitetemeka.

"Watu hawa wana nini?" alimwuliza makamu wake.

"Wamefunga, Baba Askofu. Tulisoma barua yako makanisani, wakaweka nadhiri: mkate mkavu na maji mpaka wakuone umesimama altareni pako. Leo ni siku ya kumi na mbili."

"Wakati wa mavuno?"

"Niliwakataza. Hawakunisikia. Mama Nunsia, yule mjane wa kule kinuni, alianguka shambani siku ya tisa. Bado amelala."

Gaudensio alitaka kusema neno. Watu wote walinyamaza wamsikilize, na katika kimya kile alijisikia akikohoa, kikohozi kidogo cha mtu aliyetoka kuugua. Kilimtoka bila kukiita. Katika yote aliyoyafanya tangu Roma, hilo ndilo lililomtia haya kuliko yote.

Nyumba yake ilitunzwa na dada yake mkubwa, Ortensia, mwanamke wa maneno machache ambayo hayakukosa chumvi. Alimwekea supu mezani, akaketi, akamgusa paji la uso kwa kiganja kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

"Mdogo wangu, uso huu haukuwa na homa."

Gaudensio akainamisha macho.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada." Naye akamweleza yote, macho yakiwa kwenye sahani.

Ortensia alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hotuba yako ya Roma ilitufikia. Makamu alitusomea. Mwanadamu ni mwanadamu, hata akivikwa taji. Nilicheka mpaka nikamwaga dengu."

"Ulicheka nini?"

"Nimekaa nawe miaka ishirini, Gaudensio. Sijakusikia hata mara moja ukisema umekosea. Supu ukiitia chumvi mwenyewe, ikizidi, mkosaji ni mimi. Nikajiuliza, huyu anayemwogopa Papa asiyekosea, mbona hapa kwetu tunaye mmoja na tunamlisha kila siku?"

"Dada, yale ni mambo ya mafundisho. Haya ni mambo ya nyumbani."

"Na Padre Eliseo? Naye ni supu?"

Jina lile lilikuwa halijatajwa mezani pale kwa miaka mitatu. Miaka saba nyuma Padre Eliseo alikuwa paroko aliyependwa, hata mtunza sakristia wake, mwenye kulinda vyombo vya Misa, alipompelekea askofu barua kwamba padre huyo huidhihaki Ekaristi akiwa na wenzake. Gaudensio alikasirika kwa ajili ya Mungu. Alimwondoa parokiani, akamnyima mimbari, akampeleka kwenye kikanisa cha wachungaji huko juu malishoni asikilize maungamo yao na kuwasomea Misa bila kuhubiri. Miaka minne baadaye, mtunza sakristia yule, akiwa anakata roho, alimwita askofu, akakiri kwamba alimzulia padre kwa wivu, akamsihi awatangazie watu. Gaudensio alimwahidi. Kisha akawaza: askofu akijirudi hadharani, kondoo watamwamini nani? Akangoja wakati ufaao, na wakati ufaao haukuja.

"Ulijuaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mjane wa mtunza sakristia aliniambia. Nikasema, ndugu yangu ni mtu wa haki, atalitengeneza." Ortensia akaondoa sahani ambayo haikuguswa. "Hebu niambie, Baba Mtakatifu huungama?"

"Huungama, kama sisi sote."

"Kwa nani? Kwa malaika?"

"Kwa padre."

"Haya. Na wewe katafute padre."

Hakutaja yupi. Gaudensio alichukua fimbo akapanda malishoni mwenyewe, mwendo wa saa mbili. Akili yake haikuacha kumtafutia njia, na kabla hajafika ilikuwa imempatia: angemwungamia Eliseo mwenyewe. Angepiga magoti mbele ya aliyemdhulumu na kusema yote, na unyenyekevu gani ungezidi huo? Alihisi karibu furaha.

Alimkuta Padre Eliseo ameketi kizingitini, anashona kiatu. Nywele zake zilikuwa nyeusi alipopanda huko. Sasa zilikuwa nyeupe kabisa, na mashavu yake nayo yalibonyea, kwa kuwa alifunga pamoja na wengine.

"Baba Askofu! Wewe mgonjwa, kupanda huku?"

"Nimekuja kuungama, Padre."

Eliseo alivaa stola shingoni, wakaingia ndani, akaketi kwenye kiti cha kitubio. Gaudensio alipiga magoti upande wa pili wa kimiani. Alikwisha kufanya ishara ya msalaba aliposikia sauti ikimsimamisha.

"Baba Askofu, uniwie radhi, kabla hujaanza. Katika hayo utakayosema, kuna la kwangu?"

Gaudensio aliondoa uso kwenye kimiani, na hilo lilitosha.

"Basi nakuomba kwa jina la Mungu, usiniambie humu," alisema Eliseo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia kitu kisimwagike. "Ukiniambia humu, nitakuondolea kwa uwezo wa Kanisa, nawe utashuka mwepesi. Lakini mimi nitakuwa nimefungwa mdomo mpaka kaburini. Nitaijua kweli yangu na sitaweza kumnong'onezea hata mbuzi. Heshima uliyonivua, ulinivua mbele ya watu."

Gaudensio alibaki magotini. Aliona wazi alichokuwa amekuja kutafuta: mahali pengine pa kujificha, na safari hii nyuma ya sakramenti. Hata toba yake ilikuwa na homa ya uongo. Aliinuka, akatoka, asiweze kumtazama padre usoni.

"Njoo kesho kanisa kuu," alisema akiwa amempa mgongo. "Tafadhali."

Jumapili kanisa lilijaa hadi ngazini. Mama Nunsia aliletwa juu ya kiti, wajukuu wawili wakimbeba. Padre Eliseo alisimama nyuma karibu na mlango, kwenye nguzo. Baada ya Injili, Gaudensio alipanda mimbarini. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi, maneno mazuri yenye Maandiko ndani yake, lakini alipoyatazama hakuona hata moja la kweli tupu. Akaikunja karatasi.

"Sikuwa mgonjwa," alisema.

Watu walidhani anashukuru kupona, wengine wakaitikia, "Mungu asifiwe!"

"Hapana. Nisikieni. Sikuugua kamwe. Roma nilitakiwa niseme ndiyo au hapana mbele ya Baba Mtakatifu, nikaogopa. Nikasingizia homa. Niliwaandikia uongo, nanyi mkafunga kwa ajili ya uongo huo."

Alisikia kiti kikilia sakafuni.

"Siku kumi na mbili za mkate mkavu!" ilikuwa sauti ya Mama Nunsia. "Na ngano imesimama! Ungaliandika una woga, Baba Askofu, tungalifunga vilevile. Lakini tungalijua tunaomba nini."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Uso wa Gaudensio uliwaka, sasa kweli kama wa mwenye homa. Angeweza kushuka hapo, na wengi wangesema amefanya la kutosha. Alishika ukingo wa mimbari kwa mikono miwili.

"Kuna la pili, ni kubwa kuliko hilo. Padre Eliseo hakuidhihaki Ekaristi. Ile barua ilikuwa ya uongo. Nilimhukumu bila kumsikiliza, na hilo nilikosea. Kisha nikaijua kweli, na kwa miaka mitatu nikainyamazia, na hilo sikukosea. Hilo nilitenda dhambi nikiwa nayajua nifanyayo."

Vichwa vyote viligeuka kwenye nguzo. Gaudensio alishuka, akapita katikati ya watu waliompisha bila kumgusa pete, akapiga magoti juu ya mawe mbele ya padre wake.

Padre Eliseo hakumwinua. Midomo ilimcheza, kama mtu aliyesahau jinsi ya kusema kanisani.

"Mama yangu alikufa mwaka jana," alisema mwishowe. "Alikufa akiamini barua ile."

"Najua," alisema Gaudensio.

"Hakutaka nimsomee Misa."

Gaudensio aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia mawe, akasubiri. Wapo waliosema baadaye kwamba walimwonea huruma, na wapo waliosema hapana, na hakuna awezaye kuwalaumu hawa wala wale. Ndipo Eliseo alipomshika chini ya kwapa.

"Inuka, Baba Askofu. Kamalize Misa. Watu hawa wana njaa."

Inasemwa kwamba Jumapili iliyofuata tamko la Mtaguso lilisomwa Valdorsa, na aliyelisoma mimbarini alikuwa Padre Eliseo, na askofu akiwa chini, magotini, alisema, "Naamini." Mwenzake mmoja alimwandikia kumwuliza kama ilimwia vigumu kukubali, baada ya yote aliyoyasema Roma. Alijibu kwamba lile la barua ya kale bado hulisoma na kulitafakari, na amemwachia Mungu na wenye elimu zaidi yake. Lakini kuamini kwamba Mungu aweza kumlinda mwingine na kosa hakukumuuma hata nusu ya kutamka kwamba yeye hakulindwa.

Mola atujalie haya inayotupeleka kwenye kweli, wala si ile inayotutafutia mahali pa kujificha. Nasi tuliosoma kisa hiki tusijione bora kuliko mja huyu, maana yeye alishuka ngazi za mimbari yake, na wengi wetu bado tuko juu.